Nani Amlipe Baba Mkubwa kwa Mti Asioukata?

Wadau, nimerudi Dar juzi kutoka nyumbani, Kigoma, mwisho wa reli. Nilienda kwa msiba, sikwenda kikazi. Lakini mnajua mambo yetu sisi waandishi, hata matangani hatuachi kusikiliza. Baada ya arobaini nikasema nivuke Malagarasi nikamsalimie baba mkubwa, maana hakuweza kuja mjini, miguu inamsumbua.

Baba mkubwa anakaa kusini ya Ilagala. Ukishavuka mto unashika njia, ziwa likiwa mkono wako wa kulia na vilima vya miombo mkono wa kushoto. Ana michikichi heka tatu hivi, ana mihogo, na juu kabisa, kule mteremko unapoanza kuwa mkali, ana kipande cha msitu ambacho zamani kilikuwa shamba lake la akiba. Babu alikifyeka mara moja tu, akalima mtama, akakiacha kipumzike. Mwaka 2009 kijiji kilipokaa na wataalamu kupanga matumizi bora ya ardhi, mstari ulichorwa, na kile kipande kikaangukia upande wa juu wa mstari: msitu wa hifadhi. Baba mkubwa alikuwepo kwenye mkutano. Alinyoosha mkono kukubali.

Basi nimeingia uani, nimevua viatu, nimekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Wewe si ndiye wa magazeti?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Haya niambie. Ile hela ya msitu imefikia wapi?"

Jamani, nilikosa jibu. Nimesoma chuo miaka mitatu, nimeripoti bajeti bungeni, lakini kwa swali la mzee aliyeishia darasa la nne nikabaki nachezea funguo. Nikamuuliza nani aliyemwahidi hela. Akasema hakuna aliyemwahidi. "Lakini mtu akija akapima mti wangu kwa tepu kifuani, akaandika kwenye karatasi, si anataka kuununua?"

Makala hii ni jaribio la kumjibu. Imebidi nirudi nyuma kidogo, kwa hiyo vumilieni.

Tuanze na Marekani, maana ndiko walikoanza kumlipa mkulima ili asilime. Miaka ya 1930 upepo ulibeba udongo wa majimbo ya katikati hadi mawingu ya vumbi yakafunika miji. Wakulima walikuwa wamelima kila kipande. Mwaka 1936 serikali ikapitisha sheria ya kuwalipa wakulima waliopunguza mazao yanayomaliza udongo. Mwaka 1985 wakaja na mpango mkubwa zaidi: mkulima anasaini mkataba wa miaka 10 hadi 15 na serikali, analipumzisha shamba lake, anapanda nyasi au miti, na kila mwaka anapelekewa kodi ya pango kana kwamba serikali imepanga shambani kwake. Uchina nao mwaka 1999 wakaanza kuwapa wakulima wa milimani nafaka na fedha ili waache kulima miteremko wapande miti. Kosta Rika walianza miaka michache kabla yao.

Fikiria sasa unamsomea baba mkubwa habari hii. Nilimsomea. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama huyo Mmarekani shamba lake lina hati.

Hilo ndilo swali lenyewe, wadau, nitalirudia mbele.

Kwetu, kwa miaka mingi, hifadhi ilikuja na fimbo. Waingereza walikuwa na hofu ya mmomonyoko kama Wamarekani, tena hofu ile ile ya miaka ya 1930, ila dawa ilikuwa tofauti. Kule Uluguru, kuanzia 1950, wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, asiyechimba anapigwa faini. Matuta yalifukua udongo mbovu wa chini, mavuno yakashuka, akina mama wakachoka. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakagoma, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na matuta yale yakakipatia wanachama wengi.

Huku magharibi, fimbo ilikuwa ya aina nyingine. Ilikuwa malale. Ugonjwa ulipopamba moto, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa maeneo mengi ya magharibi, Uha ikiwemo, kutoka kwenye vitongoji vilivyotawanyika, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja yaliyofyekwa vizuri ili mbung'o asipate kivuli. Walikotoka watu, pori likarudi. Leo mgeni akipanda juu ya kilima akatazama ule msitu unaokwenda mpaka macho yanachoka, anasema "asili tupu". Sehemu yake ni mashamba ya watu waliohamishwa.

Na fimbo haikuondoka na Mwingereza. Operesheni Kigoma ilianza 1972, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba zikipangwa kwa mstari barabarani. Bibi yetu alikuwa akisimulia walivyoacha migomba inazaa. Kondoa mwaka 1979, kule ardhi ilipokuwa imeliwa na makorongo, mifugo yote iliondolewa eneo zima. Ardhi ilipona kweli, hilo nalikubali, ukienda leo unaona. Ila aliyeambiwa aondoe ng'ombe wake aliondoa kwa amri tu.

Sasa tuje Gombe.

Hifadhi ya Gombe ni ndogo, unaweza kuikosa kwenye ramani. Waingereza waliifanya pori la akiba mwaka 1943, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Kati ya hapo, Julai 1960, ndipo aliposhuka kwenye mashua binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, na mama yake, na mpishi wao. Mnajua yaliyofuata, sokwe na vijiti vya mchwa, dunia nzima ikaijua Kigoma kwa sokwe wakati sisi wenyewe tulikuwa tunaijua kwa dagaa.

Wakati Jane anafika, msitu ulikuwa mfululizo kuanzia ufukweni kwenda kaskazini hadi Burundi, na kusini kwenye Mahale na kupita. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka na ndege ndogo juu ya Gombe akaona kisiwa. Kijani ndani ya mpaka, na nje ya mpaka vilima vyekundu vitupu, miteremko imelimwa mpaka kileleni, maporomoko ya udongo yakishuka kwenye vijiji na ziwani. Watu walikuwa wameongezeka, wakimbizi wa Burundi wa 1972 na baadaye wa 1993 wamekuja, kuni zinatakiwa, mihogo inatakiwa. Alisema mwenyewe mara nyingi baadaye kwamba palepale alielewa huwezi kumwokoa sokwe kama jirani yake hana chakula.

Hapo mwaka 1994 ukazaliwa mradi uliojulikana kwa jina la TACARE, kifupi cha jina refu la Kiingereza la upandaji miti na elimu katika bonde la Ziwa Tanganyika. Umoja wa Ulaya ulitoa fedha za mwanzo. Watanzania ndio walioufanya utembee, mabwana misitu na mabibi maendeleo waliokwenda kijiji kwa kijiji. Wanakijiji walipoulizwa wanataka nini, hawakusema miti. Walisema shule, walisema zahanati, walisema maji. Mradi ungeweza kufa siku hiyo, lakini wale wataalamu walikuwa na akili, wakaanza na hayo. Vitalu vya miche vikafuata, vikoba vya akina mama vikafuata, ufadhili wa wasichana kusoma sekondari ukafuata. Kule Kalinzi, kwenye kahawa ya milimani, wakulima wa ushirika wa Kanyovu wakaunganishwa na wanunuzi wa Marekani, kahawa yao ikauzwa kule kwa jina la Gombe.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu TACARE ndiyo iliyotufundisha watu wa Kigoma kwamba kutunza mti kunaweza kuja na kitu mkononi. Haikuwa mshahara wala ruzuku ya kila mwaka kama ya yule mkulima wa Marekani. Kilikuja kisima, au mkopo wa mtaji wa kuuza mawese, au ada ya dada yako. Kufikia 2009 vijiji 13 vinavyozunguka Gombe vilikuwa vimemaliza mipango yao ya matumizi ya ardhi na kutenga karibu hekta 10,000 kuwa misitu ya hifadhi ya vijiji. Wenyeji wenyewe ndio walinzi, na baadaye walipewa simu za kisasa za kupigia picha mitego na visiki. Miombo ina sifa moja nzuri sana: ukiacha kuichoma na kuikata, visiki vinachipua vyenyewe. Vilima kadhaa vilivyokuwa vyekundu leo ni kijani. Niliviona kwa macho kutoka kwenye boti.

Kisha ikaja hewa.

Aprili 2008 waziri mkuu wa Norwei, Jens Stoltenberg, alikuja Dar es Salaam, akakubaliana na serikali ya Rais Kikwete: Norwei itatoa hadi kroni milioni 500 kwa miaka mitano, karibu dola milioni 100 kwa thamani ya wakati ule, Tanzania ijiandae kulipwa kwa kutokata misitu. Hoja ilikuwa rahisi. Mti ukisimama unashika hewa ukaa. Mti ukikatwa na kuchomwa, ile hewa inapanda juu na kuichemsha dunia. Mwenye viwanda Ulaya amlipe mwenye msitu Afrika. Kwa Kiswahili mpango ukaitwa MKUHUMI, na ukimsikia mtu wa wizara akiutaja haraka haraka utadhani ni jina la mganga.

Tatizo la kwanza lilikuwa neno lenyewe. Kibongo, "hewa" maana yake ni kitu ambacho hakipo. Tulikuwa na pembejeo hewa, baadaye 2016 tukawa na watumishi hewa. Sasa umwambie mzee wa Sigunga kwamba atauza hewa! Wengine walidhani wazungu watakuja na mitungi. Wengine, na hawa hawakuwa wajinga hata kidogo, waliuliza: kama wananunua hewa ya msitu, msitu nao si watauchukua?

Miradi ya majaribio ikaanzishwa nchi nzima, na mmoja ukaja kwetu, kwenye msitu wa Masito na ukanda wa Ugalla. Ulianza 2010 kwa miaka mitatu, ukisimamiwa na taasisi ile ile ya Jane Goodall. Vijiji saba vinavyopakana na Masito, vikiwemo Ilagala, Karago, Sigunga na Sunuka, viliunda jumuiya yao ya pamoja ya kutunza msitu, wakaiita JUWAMMA. Wanakijiji wakafundishwa kupima miti. Nilikuwa darasa la tano mwaka ule, nilikuja likizo kwa baba mkubwa, nikaona vijana wakizungusha tepu kwenye mininga usawa wa kifua na kuandika namba. Sisi watoto tulidhani ile iliyopimwa ndiyo itakayokatwa. Tukaenda kuokota matunda yake haraka kabla haijaisha.

Mnaona kumbukumbu inavyofanya kazi? Mimi nilikumbuka matunda. Baba mkubwa alikumbuka tepu.

Sasa nirudi kwenye hati. Nisiwachoshe na vifungu, lakini hiki mkijue. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi kwa mpigo: Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Ya vijiji inasema ardhi ya kijiji ni ile iliyo ndani ya mipaka ya kijiji, chini ya halmashauri ya kijiji. Namba 4 nayo, ikieleza maana ya ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi, imeongeza maneno machache mwishoni: kwamba ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Namba 5 haina mkia huo. Kwa hiyo msitu ambao wanakijiji wameuacha makusudi usimame, je, unatumika au hautumiki? Ukisoma sheria moja ni wa kijiji. Ukisoma nyingine unaweza kuambiwa ni wa jumla. Mtu anayetunza anaonekana mbele ya sheria kama mtu asiyefanya kitu! Ukitaka ardhi ionekane ni yako, fyeka.

Sheria ya Misitu ya 2002 ilisaidia. Kijiji kikiupima msitu wake na kuutangaza kuwa hifadhi ya kijiji, mapato yote ya msitu ule ni ya kijiji. Lakini Masito sehemu kubwa haikuwa ndani ya mipaka ya kijiji chochote. Ilihesabiwa ardhi ya jumla, na njia iliyochukuliwa ikawa kuifanya hifadhi iliyo chini ya halmashauri ya wilaya. Vijiji vinakuwa washirika wa ulinzi, wenye mali ni wilaya. Na wilaya yenyewe ikabadilika katikati, maana Uvinza ilikatwa kutoka Kigoma Vijijini mwaka 2012.

Tazama sasa majirani zetu. Kusini mwa Uvinza, unaingia Mkoa wa Katavi, Wilaya ya Tanganyika, ile iliyokuwa Mpanda Vijijini. Kuna milima ya Ntakata, mashariki ya Mahale, miombo ile ile, sokwe wale wale. Vijiji vinane, Mwese, Lwega, Lugonesi, Kapanga, Katuma, Mpembe, Bujombe na Kagunga (msiichanganye na Kagunga yetu ya mpakani walikoshukia Warundi 2015), vilipanga ardhi yao hivi kwamba msitu uwe ndani ya mipaka ya vijiji. Kampuni ya Arusha iitwayo Carbon Tanzania ikaingia nao mkataba, ikapima, ikahakikisha, ikauza viwango vya hewa ukaa kwenye soko la dunia. Na hela ikaja. Mabilioni ya shilingi yameingia kwenye akaunti za vijiji vile na halmashauri yao kwa miaka hii michache. Wamejenga madarasa na vituo vya afya, wamelipia watu bima ya afya. Mwese, wadau! Mwese ambako miaka ya 1960 walipelekwa wakimbizi wa Rwanda kwa sababu kulionekana ni mbali na kila kitu.

Hivyo ukiniuliza kwa nini mzee wa Mwese anatibiwa kwa hela ya msitu na baba mkubwa anaitafuta, sehemu kubwa ya jibu ni ule mstari. Mti ni mti huo huo, na uvumilivu ni huo huo. Aliyechorewa msitu ndani ya kijiji ana kitu cha kuuza.

Lakini ngoja kwanza, hata huko Katavi mkulima mmoja mmoja halipwi. Inalipwa serikali ya kijiji, mkutano mkuu unaamua. Ni njia yetu, ina mizizi kwenye Ujamaa, na sioni aibu nayo: darasa ni la wote. Kasoro yake ni kwamba gharama ya kuhifadhi hailingani kwa wote. Mwenye duka barabarani hakupoteza shamba la mteremkoni. Wakati wa majaribio ya MKUHUMI kule Kilosa na Lindi, walijaribu njia nyingine: vijiji viliamua kwenye mkutano, na malipo ya majaribio yakagawiwa kwa watu mmoja mmoja. Na kule Uluguru, kwenye milima ile ile ya matuta na risasi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalizikutanisha DAWASCO na kampuni ya soda ya Coca-Cola Kwanza na wakulima wa Kibungo Juu. Mkulima alipanda miti au akachimba matuta, akapimiwa eneo lake, akalipwa, kwa sababu maji ya Ruvu yanayonyweka Dar yanaanzia kwake. Matuta! Babu yake alipigwa faini kwa kukataa kuyachimba.

Upande wa serikali yenyewe, ruzuku tunayo, tena kubwa, ila inaelekea upande mwingine. Kuanzia msimu wa 2008/2009 zilikuja vocha za pembejeo, Kigoma nayo ikiwemo, mkulima anapata mbolea na mbegu kwa nusu bei. Zikachakachuliwa sana mahali pengi, zikaisha. Nane Nane ya 2022, pale Mbeya, Rais Samia akazindua ruzuku ya mbolea ya mfumo wa kidijitali, unajisajili na namba ya simu. Na michikichi: tangu Waziri Mkuu Majaliwa alipoivalia njuga mwaka 2018, miche bora inayozalishwa na kituo cha utafiti cha Kihinga imekuwa ikigawiwa bure. Nafurahia, nimekulia kwenye mawese. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 mafuta haya yalikuwa tayari sokoni. Lakini mche wa bure unataka shamba, na shamba jipya linapatikana wapi, kama si kupanda mlima? Serikali inamlipia baba mkubwa alime zaidi. Anayetaka alime kidogo ni mgeni, tena hela ya mgeni inakwenda na upepo wa kwao. Norwei ilikuwa na miaka yake mitano. Mwaka 2023 Wamarekani, kupitia shirika lao la misaada USAID, walianza mradi mwingine wa miaka mitano wa uhifadhi huku magharibi. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ikalifunga shirika lenyewe. Oktoba 1 mwaka huohuo Jane naye akafariki, akiwa safarini anahutubia, na miaka 91.

Na ziwa? Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kusimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Dagaa walikuwa wamepungua kweli, kila mtu wa Kibirizi anajua. Jirani yetu pale Ujiji, mvuvi wa taa miaka yake yote, alikaa kibarazani siku tisini akishona nyavu ambazo zilikuwa nzima. Watoto walikula mihogo. Agosti akarudi majini. Hakuna aliyemletea bahasha, na yeye wala hakuitarajia, ndicho kilichonishangaza. Mwenye msitu anauliza hela yake. Mwenye ziwa hajui kama kuna swali la kuuliza. Labda kwa sababu samaki hawapimwi kifuani.

Mkoa wetu ulikuwa na watu milioni 1.7 sensa ya 2002. Ya 2022 ikakuta karibu milioni 2.5. Baba mkubwa peke yake ana watoto tisa, na wa mwisho, kaka yangu huyo tuliookota naye matunda, amerudi kutoka Mpanda hana kazi, ana mke na mtoto. Anautaka ule mteremko. Anasema akate miti achome mkaa msimu mmoja, apate mtaji, halafu apande michikichi ya kisasa. Hesabu zake ameziandika kwenye daftari, na nilizipitia, hazina kosa. Nikamwambia ule ni msitu wa kijiji, kuna sheria ndogo, kuna faini. Akasema faini anaijua, nayo ameiweka kwenye hesabu.

Mzee alikuwa anasikia. Hakusema kitu mpaka usiku, baada ya ugali, ndipo akaniita na tochi ya simu yangu. Akataka nimwandikie barua. Nikachukua karatasi, nikaandika tarehe, nikaandika YAH kwa herufi kubwa kama tulivyofundishwa. Akaanza kunisomea taratibu, huku akiangalia kama naandika kweli: malipo ya kukaa na msitu tangu mwaka 2009. Akataja mipaka, korongo upande huu, jiwe kubwa upande ule. Akataja mininga mikubwa mitatu, kwa idadi na mahali ilipo. Akasema asiombe kingi, aombe kiasi ambacho kijana anaweza kuanzia maisha asiguse shoka.

Nikamuuliza barua inakwenda kwa nani. Mwenyekiti wa kijiji? Mkurugenzi wa halmashauri Uvinza? Wizara? Mzungu yupi?

Akafikiri. Nje kaka yangu alikuwa anapiga msasa kitu, sikuuliza ni nini.

"Pa jina acha wazi kwanza," akasema. "Lakini kule chini andika kwamba jibu nalihitaji kabla ya masika."